Apu ilisema mita 100, haikusema kuna mtu angani

Kila wiki lazima nipate ujumbe wa aina hii. Wa juzi ulikuja saa tano usiku, kutoka kwa kijana nisiyemjua: "Buda, niaje. Unajua msee anaweza kunifungulia droni ipande zaidi ya pale imefungiwa? Niko na kazi Jumamosi, mteja anataka ile video ya juu kabisa."

Kuna wakati ningemtumia nambari ya fundi bila kufikiria mara mbili. Mafundi wapo mjini, na hawajifichi. Unampelekea droni, anaiunganisha na laptopu, anachezea programu ya ndani, unalipa, unaondoka na mashine isiyo na kikomo. Siku hizi mtu akiniuliza hivyo, mimi pia humuuliza: ukirusha hiyo droni utakuwa umesimama wapi?

Wengi hudhani ninawazungusha. Lakini hilo ndilo swali ambalo sikujiuliza Iten, na nusura niue watu wawili.

Nianze na mashine kwanza, ndiyo uelewe nilipokosea.

Droni nyingi unazoziona kwenye harusi na mikutano ni za DJI, kampuni ya Shenzhen, Uchina. Ukiiwasha ikiwa mpya, apu inakuwekea kikomo cha mita 120 kwenda juu. Ukiingia kwenye mipangilio unaweza kukisogeza, kwa droni zao nyingi hadi mita 500, na hapo ndipo ukuta wa kampuni wenyewe ulipo. Ulaya wamebana zaidi. Kule droni ndogo kabisa zenye alama ya C0 sharti zitoke kiwandani zikiwa zimefungwa zisipite mita 120 juu ya pale zilipoanzia safari. Hapo hata mipangilio haikusaidii.

Hizo mita 120 hazikuokotwa. Ni futi 400 hivi, na ndicho kipimo kilicho kwenye sheria za nchi nyingi. Kwetu, kanuni za droni za mwaka 2020 zinazosimamiwa na KCAA, mamlaka ya usafiri wa ndege nchini, zinasema usipite futi 400 kutoka ardhini, na droni uwe unaiona kwa macho yako mwenyewe, si kwenye skrini. Wazo ni rahisi tu. Ndege zenye watu zikae juu, hivi vidude vyetu vikae chini, na katikati kubaki nafasi ya kupumua.

Sasa hapo ndipo wengi wetu tunapotea. Sheria inahesabu kutoka ardhini. Mashine inahesabu kutoka pale iliporukia.

Ndani ya droni kuna kifaa kidogo kinachopima mgandamizo wa hewa. Ukiirusha, inasema hapa ni sifuri. Kuanzia hapo kila mita ya juu au ya chini inahesabiwa kutoka kwa hiyo sifuri. Vile vijicho vya chini ya tumbo vinaona mita chache tu; kazi yake ni kuisaidia itulie na itue vizuri. Ikishapanda, droni haijui kama chini yake kuna uwanja wa mpira au korongo.

Ukiwa Kasarani hiyo haina neno. Ardhi ni tambarare, sifuri yako na ya sheria ni moja. Lakini nchi hii imepasuliwa katikati na Bonde la Ufa, na sisi wapiga video hatupendi kurusha droni mahali tambarare. Tunapenda ukingoni.

Nilikuwa nimeacha chuo kama miezi minane hivi. Mwaka wa pili, karo ikakwama, na ukweli usemwe, hata mimi nilikuwa nimekwama. Nikachukua pesa kidogo nilizokuwa nimeweka kutokana na kupiga picha za harusi, nikaongezea za kuuza laptopu, nikanunua droni ya mtumba. Leseni sikuwa nayo. Nilikuwa naambia watu naitafuta, lakini sikuwa natafuta chochote. Nilikuwa natafuta wateja.

Mmoja akapatikana Iten. Alikuwa na nyumba ya wageni inayotazama Bonde la Kerio, na kama hujawahi kufika huko, jua kwamba mji uko karibu mita 2,400 juu ya usawa wa bahari na sakafu ya bonde iko zaidi ya mita 1,000 chini yake. Unasimama ukingoni unaona mawingu yakipita chini ya miguu yako. Alitaka video ya sekunde arubaini: droni itoke barazani, ivuke ukingo, iteremke ikifuata mwamba, halafu ipande polepole mpaka mji wote uonekane.

Siku hiyo nilijiona mtu wa sheria kabisa. Kikomo cha droni kilikuwa mita 120 na sikukigusa. Kuna pia ile hali ya kurudi nyumbani, inayojiwasha droni ikipoteza mawasiliano na rimoti: inapanda hadi urefu uliouchagua wewe, inageuka, inarudi ilikotoka. Hapo niliandika mita 100, kwa sababu nyuma ya nyumba kulikuwa na mikaratusi mirefu na mlingoti wa simu. Nikahisi nimefikiria kila kitu.

Nikaiteremsha. Skrini ikaandika kutoa ishirini, kutoa thelathini, kutoa arubaini, maana sasa ilikuwa chini ya miguu yangu. Picha ilikuwa tamu ajabu. Halafu mwamba ukaingia kati yangu na droni, picha ikaganda, mawasiliano yakakatika.

Sikushtuka. Si itarudi yenyewe? Itapanda, itageuka, itakuja. Nikainua macho kuitafuta.

Na ilipanda. Wima, kutoka chini ya ukingo, ikielekea zile mita 100 nilizoiandikia mimi. Ilikuwa na zaidi ya mita 140 za kupanda, na droni yangu haikuwa na jicho la kuangalia juu.

Kwa mtu asiyeijua Iten, upepo wa bondeni unapogonga ule ukuta hauna pa kwenda ila juu. Kwa hiyo kiangazi, watu wa miavuli ile mirefu iliyopinda kama ubawa, wanaoitwa paraglaida, hukusanyika huko kutoka kila pembe ya dunia. Wanaruka kutoka ukingoni na wanaweza kukaa angani saa nzima na zaidi wakienda na kurudi kando ya mwamba, kwa sababu hapo ndipo hewa inawabeba. Hawako juu sana. Wako pale pale nilipokuwa nimeituma droni.

Niliona kwa macho yangu kitone cheusi kikipanda, na kutoka kushoto mwavuli mwekundu ukija. Chini yake walikuwa wawili, rubani na abiria. Nikabonyeza kila kitufe. Rimoti ilikuwa bado haijashika. Sijui kama unaijua hiyo hisia ya kushika kitu mkononi na kitu hicho hakikujui tena. Mate yalinikauka.

Rubani aliona. Akavuta upande mmoja, mwavuli ukainama, droni ikapita nyuma yao. Baadaye aliniambia ilikuwa kama urefu wa matatu mbili. Mimi kutoka nilipokuwa niliona kama imewapitia katikati.

Kamba zinazoshikilia mwavuli ule ni nyembamba kuliko za viatu vyako. Panga la droni likiingia hapo, linakata au linajinyonga nazo, na mwavuli ukikunjamana karibu na mwamba hakuna muda wa kufungua mwingine.

Walitua kwenye uwanja wa juu, si mbali. Rubani alikuwa Mkenya, mtu wa makamo. Alimsaidia abiria kuvua mikanda, akamwacha na watu wengine, akaja kwangu akitembea taratibu. Ningependelea aje akikimbia na rungu.

"Kijana, hiyo kitu ni yako?"

"Ni yangu, mzee. Pole sana. Ilipoteza mawasiliano, ikajiendesha."

"Ikajiendesha." Akaliangalia lile dude, lilikuwa limeshatua barazani kama halijafanya kitu. "Nani aliiambia ipande pale juu?"

Nikanyamaza kidogo. "Ni mimi."

"Sasa usiseme ilijiendesha. Uliuliza mtu kama tunaruka leo?"

"Apu haikuonyesha chochote, mzee."

Hakunitusi. Alisema tu kwamba abiria wake anadhani lilikuwa dege kubwa, na amemwachia hivyo hivyo. Kisha akaondoka.

Usiku nilifungua kumbukumbu ya safari kwenye apu. Urefu wa juu kabisa: mita 100. Kikomo: hakikuvunjwa. Kwa mashine hiyo safari ilikuwa safi kama pamba. Kwa sheria, droni ilikuwa mamia ya mita juu ya ardhi iliyokuwa chini yake, nje ya macho yangu, mbele ya uso wa mtu. Na mimi nilikuwa nimebeba ule mstari wa apu kama risiti.

Tangu hapo nimekuwa nikisoma visa vya watu wengine, labda nijifariji kwamba siko peke yangu. Kuna kimoja hakinitoki.

Jioni ya Septemba 21, 2017, karibu na Staten Island, New York, helikopta ya jeshi la Marekani aina ya Black Hawk ilikuwa ikiruka kwa urefu wa futi 300 hivi. Hiyo ni chini ya mita 100. Ikagongana na droni ya DJI, Phantom 4. Panga moja la helikopta likabonyea na vipande vya droni vikaingia ndani. Helikopta ikafika chini salama. Mota na kipande cha mkono wa droni vilikutwa vimekwama kwenye feni ya kupoza oili, na kupitia nambari iliyokuwa kwenye mota wachunguzi wakampata mwenyewe. Jamaa hakuwa hata anajua amegonga kitu. Alidhani droni imepata hitilafu ikaanguka majini. Alikuwa ameirusha maili mbili na nusu kutoka alipokuwa, haioni kabisa, na eneo hilo lilikuwa limefungwa kwa muda. Alipoulizwa, alieleza kwamba alikuwa akitegemea apu imwambie kama ni sawa kuruka. Tableti yake haikuwa na intaneti.

Angalia vizuri hapo. Hakuvunja kikomo cha urefu. Hakufungua chochote kwa fundi. Alikuwa chini ya futi 400, mahali droni zinapotakiwa kuwa, na bado alikutana na helikopta. Ni kisa changu, tofauti tu ni kwamba yeye aligonga.

Kingine ni cha Januari 9, 2025, Los Angeles ikiteketea. Jamaa alipanda juu ya jengo la kuegesha magari kule Santa Monica, akarusha droni ndogo kwenda kuangalia moto wa Palisades. Ikaenda zaidi ya kilomita mbili, akapoteza kuiona. Huko ikagonga bawa la ndege ya kuzima moto, zile zinazochota maji baharini zikipita. Tundu lililobaki lilikuwa kama la sentimita 8 kwa 15. Ndege ikaondolewa kazini itengenezwe, moto ukiendelea kula nyumba za watu. Jamaa alikubali makosa mahakamani.

Siku nne tu baada ya hapo, DJI ikatangaza kwamba Marekani haitafungia tena droni zake kuingia maeneo kama ya viwanja vya ndege. Ule uzio wa kidijitali waliokuwa wameuweka kwa miaka mingi uligeuzwa kuwa onyo: skrini inakuambia hapa si pazuri, wewe unabonyeza kukubali, unaendelea. Ulaya walikuwa wameshaanza mwaka mmoja kabla. Hoja ya kampuni ni kwamba wajibu ni wa anayerusha, na sheria ni kazi ya serikali. Mtandaoni watu walipiga kelele, wengine wakashangilia.

Mimi nilichukia kwanza, nikaona wametutupa. Halafu nikakumbuka yule mzee wa Iten. Hata ule uzio ungekuwapo mara kumi, usingejua kuna mwavuli mwekundu unakuja kutoka kushoto. Kampuni haiko kwenye ukingo na wewe. Ila pia siwaoni kama malaika. Kuna wanunuzi wengi wanaofungua boksi leo na kurusha leo, hawajasoma hata ukurasa mmoja, na kwa hao ile kufuli ilikuwa kitu pekee kilichosimama kati yao na ndege ya abiria. Kuiondoa halafu kusema wajibu ni wenu, hiyo ni sawa kwa mtu aliyefunzwa. Kwa mimi wa miezi minane baada ya chuo, ingekuwa kumpa mtoto kiberiti.

Na wanaolalamikia kikomo si wote wajinga, tusidanganyane. Simama chini pale Mai Mahiu utake kupanda na droni ukifuata ukuta wa bonde, mita 20 tu kutoka kwenye majani. Kwa sheria hujakosea, uko karibu na ardhi muda wote. Lakini mashine inahesabu kutoka barabarani, ikifika kikomo inagoma, na juu yako bado kuna mlima mzima. Watu wa kupima mashamba na wanaotafuta waliopotea milimani hukutana na hilo kila mara. Ndiyo maana nafasi ya kusogeza kikomo ipo. Shida si ule mtelezo wa mita 500. Shida ni anayeusogeza bila kujua chini yake kuna nini na pembeni kuna nani.

Na hapa kwetu pembeni kuna mengi. Nairobi tuna Wilson katikati ya watu, ndege za madaktari wa AMREF na chopa za polisi zinapanda na kushuka juu ya paa zetu kutwa nzima. Ukienda mashambani ndiyo balaa, kwa sababu Kenya chopa haitui kwenye uwanja wa ndege. Inatua kwenye uwanja wa shule ya msingi. Mwanasiasa anakuja mazishini amechelewa, hakuna aliyetangaza, na tayari kuna vijana wawili watatu wa droni wakigombea picha ya umati. Nimewahi kuwa mmoja wao. Chopa ikitokea nyuma ya migomba iko mita 60, 40, 20, inashuka pale pale ulipo. Hapo kikomo cha mita 120 kinakusaidia nini? Unashuka haraka, hiyo tu, na kushuka haraka kunahitaji uwe umeisikia kabla hujaiona.

Hatimaye nilienda kusoma leseni. Nilikaa darasani na watu wa kampuni za kunyunyizia dawa mashamba na kijana mmoja wa ramani, na nusu ya masomo haikuhusu droni. Ilihusu hewa, upepo, ndege nyingine ziko wapi na kwa nini. Chuoni sijawahi kukaa macho namna hiyo.

Sasa nikienda mahali penye mteremko naanza kwa kuuliza watu. Boda boda, mama wa chai, mchungaji. Nani anaruka hapa? Saa ngapi? Nasimama ambapo nitaiona droni mwanzo hadi mwisho, na kama mteja anataka ipite nyuma ya mwamba, natafuta mtu wa pili asimame upande ule na simu. Urefu wa kurudi nyumbani nauandika upya kila mahali, kulingana na kilicho juu, maana wa jana ni wa jana. Wakati mwingine nabadilisha kabisa: mawasiliano yakikatika, ielee pale pale, isipande. Droni yangu inaniruhusu kuchagua hivyo, na sikuwahi kujua mpaka nilipoutafuta huo ukurasa.

Kuna kazi nimezikosa kwa sababu hiyo. Mteja anakuambia yule mwingine alisema sawa. Unamwambia basi mpigie. Inauma, kodi haijui mambo ya leseni.

Kijana wa saa tano usiku nilimjibu hivyo hivyo, nikamuuliza anasimama wapi. Akanitumia ramani. Ni Ngong, juu kabisa mlimani, upande unaotazama Ufa. Nikampigia badala ya kuandika, tukaongea dakika arubaini. Sijui kama alienda kwa fundi. Aliniambia atanijulisha.

Ile video ya Iten bado ninayo. Mawasiliano yalikatika kwenye rimoti, lakini kadi iliyo ndani ya droni iliendelea kurekodi. Mwamba unateremka, kijani kinapita, anga inafunguka, halafu kwa sekunde tatu hivi mwavuli mwekundu unajaza picha yote na unaona viatu vya abiria vikining'inia. Mwenye nyumba ya wageni alipoiona alisimama kitini. Akasema hiyo ndiyo, hiyo tuiweke mwanzo kabisa.

Nikamwambia faili imeharibika.